Muulize Fundi: Injini Inachemsha, Maji Yamekwenda Wapi?

Joto la Januari limenijazia barua za kuchemsha, nikaona za breki na cheni zisubiri. Mwezi huu ni maji tu. Karibu kila aliyeandika ananiuliza atie nini kwenye rejeta. Wachache sana wamejiuliza yale waliyotia jana yamekwenda wapi, na hapo ndipo mimi huanzia kazi kila pikipiki inayopozwa kwa maji inaposukumwa kuingia gereji yangu hapa Morogoro. Barua nimezifupisha na salamu nyingine nimezikata. Msinune.

*Shikamoo mama fundi. Naendesha guta la mizigo, lile la injini ya 200 inayopozwa kwa maji. Nabeba saruji na tofali, Mbagala hadi Chamazi na Kongowe. Tangu mwaka jana linachemsha nikipandisha mlima na mzigo. Fundi wa kwanza alitoa themostati, akasema nchi ya joto kama yetu haiihitaji. Likatulia kama wiki mbili, likarudia palepale. Sasa kila asubuhi naongeza karibu nusu lita ya maji ya kisima cha hapa nyumbani. Nibadilishe rejeta? Bei yake inaniumiza.*
Dereva wa guta, Mbagala

Marahaba mwanangu. Rejeta iache kwanza.

Tuanze na hiyo nusu lita. Maji ya injini hayapikiwi wala hayanywewi. Mfumo ukiwa umefungwa sawasawa, maji yaleyale yanazunguka miezi na miezi. Na injini ndogo kama yako haibebi maji mengi, kwa hiyo nusu lita kila siku ni sehemu kubwa ya yote uliyonayo. Yana njia nne tu za kutokea: yadondoke nje, yaingie kwenye oili, yaingie ndani ya silinda yatoke na moshi, au yarushwe na mfuniko ulioshindwa kubana.

Kesho alfajiri kabla hujawasha, piga magoti na tochi. Maji ya kisima yenye chumvi yakikauka huacha ukoko mweupe, kwa hiyo wewe kazi yako ni rahisi kuliko ya mwenye maji safi: fuata weupe. Kagua mpira wa juu na wa chini pale klipu inapobana. Kagua pembeni mwa rejeta. Halafu chungulia chini ya pampu ya maji. Pampu nyingi zina kitundu kidogo hapo, cha kuingiza njiti ya kiberiti. Watu hudhani ni kasoro ya kiwandani, na nimeshaona kimezibwa kwa gundi ya chuma. Kitundu kile kimetobolewa makusudi: sili ya pampu ikifa, maji yatokee hapo nje badala ya kuingia kwenye oili. Ukikiona kinadondosha au kina mchirizi mweupe, mgonjwa umempata. Sili inauzwa peke yake, na bei yake huwezi kuilinganisha na ya rejeta.

Nje kukiwa kukavu kote, vuta kijiti cha kupimia oili uangalie rangi: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia humo. Kisha washa, acha injini ipate moto, utazame bomba la moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni mvuke wa kawaida. Usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia ndani ya silinda, na hapo tunazungumzia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya silinda na hedi, kifuniko chake cha juu. Habari za mfuniko nimemweleza ndugu yako wa Nairobi hapo chini, zisome na wewe.

Sasa hiyo themostati. Fundi wako hayuko peke yake, kutoa themostati ni ugonjwa wa gereji zetu kuanzia Tunduma hadi Tanga. Wanasema ni kifaa cha nchi za baridi. Kile ni kilango kidogo chenye nta ndani yake. Injini ikiwa ya baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta, ili injini ifikie joto lake la kazi upesi. Nta ikipata joto inavimba, inakisukuma kilango, maji yanapita. Joto la kuanzia kufunguka mara nyingi limegongwa juu ya bati lake: utakuta 71, 76, au 82. Ukipandisha na saruji mgongoni, themostati nzima imeshafunguka zamani, kwa hiyo kuitoa hakukupi chochote pale unapokihitaji. Unachopata ni injini isiyopata joto asubuhi na kwenye mteremko, petroli isiyoungua vizuri inayoosha oili ukutani mwa silinda, ringi zinazolika, na mafuta yanayoisha kabla ya hesabu yako. Tena kuna injini ambazo themostati ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Kwenye hizo, ukiitoa umeacha njia ya mkato wazi, sehemu ya maji haipozwi kabisa. Umelipa fundi akuongezee joto.

Utaniuliza, mbona lilitulia wiki mbili? Kwa sababu kutoa themostati kunalazimu kumwaga maji na kujaza upya. Alipojaza, guta likawa na maji kamili, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kilichokusaidia ni kule kujazwa. Uvujaji ukaendelea na kazi yake, na ulipomaliza kuyala yale maji ukarudi ulikotoka.

Nunua themostati nyingine, na kabla ya kuifunga ijaribu jikoni. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, weka jikoni. Ikiwa nzima utaiona inaanza kuachama kabla maji hayajatokota, na ukiitoa ikapoa inafunga tena. Isiyoachama hadi maji yanatokota, rudisha dukani.

Na hicho kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, nawe unaijua ladha yake. Chumvi hiyo inakula alumini, na magadi yake yanaganda ndani ya hedi kuzunguka pale moshi unapotokea, sehemu yenye moto kuliko zote. Ukoko ule unazuia joto lisitoke kwenye chuma kwenda kwenye maji. Unaweza kuwa na rejeta mpya, feni mpya, na injini ikaungua vilevile. Mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke meupe. Yakigoma kusafika tumia dawa ya kusafishia rejeta na ufuate kipimo cha kwenye chupa, kisha suuza tena. Halafu jaza kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, iliyochanganywa tayari, au maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na kulanti. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa kwa makini: dukani chupa ya maji na ya tindikali hukaa jirani, na kuna mtu Msamvu aliyebeba isiyo yake. Usinifanye nikueleze alichokiona.

Ukijaza, simamisha guta pua ikiwa juu kidogo, mfuniko wazi, injini baridi. Minya mpira wa juu kwa mkono, achia, minya tena. Utaona mapovu yanapanda. Washa, endelea kuongeza hadi mapovu yaishe, kisha funga. Hewa ikibaki kwenye hedi, maji hayafiki pale na kipimo hakikwambii.

Na kwenye mlima shuka gia mapema, usisubiri injini igugumie. Pampu ya maji inazungushwa na injini. Mzunguko ukiwa mdogo na mzigo mkubwa, joto ni jingi na maji yanatambaa. Kama umefunga turubai au bati mbele kuzuia mvua, angalia usiwe umeifunika rejeta.

*Habari yako fundi? Niko Nairobi, naishi Kasarani na nina Pulsar NS200. Thika Road ikiwa wazi sina shida kabisa. Msongamano ukianza, taa ya joto inawaka, na nikikaa kwenye foleni ya Pangani nasikia miguu inaungua. Kulanti imejaa mpaka alama kwenye tanki la akiba. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi. Ni kweli?*
Mwenye NS, Kasarani

Nzuri. Rafiki yako ana ukweli wake, nitaurudia. Ila barua yako yenyewe imeshasema ugonjwa. Pikipiki isiyochemsha ikikimbia na inayochemsha ikisimama inakosa upepo, na ukisimama wa kukupa upepo ni mmoja tu: feni.

Pikipiki ikiwa imepoa na swichi imezimwa, sukuma panga la feni kwa kidole. Lizunguke laini. Likikwaruza au likiwa zito, tope limeingia au mota imekufa. Kisha chomoa plagi ya waya za feni, chukua waya mbili, upeleke umeme wa betri moja kwa moja kwenye feni. Isipozunguka, feni ndiyo mbovu, huna haja ya kutafuta zaidi. Ikizunguka, rudi nyuma kwa mpangilio: fyuzi, relei, waya zilizolika, mwisho swichi ya joto. Watu huanza na swichi kwa sababu ndiyo yenye bei. Anza na fyuzi, ni ya bei ya chai.

Kuna moja ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Kama feni imewahi kufunguliwa na fundi akaunga waya kwa kukisia, inaweza kuzunguka kinyume. Utaisikia inavuma, utaridhika, na pikipiki itachemsha vilevile. Feni nyingi za pikipiki zimekaa nyuma ya rejeta na kazi yake ni kuvuta upepo kutoka mbele. Iwashe, weka karatasi ya daftari mbele ya rejeta. Ikinata, sawa. Ikisukumwa, geuza waya.

Tazama pia uso wa rejeta. Vile vijibati vyembamba vikilala, upepo haupiti, na vinalazwa hasa na bomba la maji ya nguvu pale unapoosha. Vinyanyue polepole kwa bisibisi ndogo bapa, kimoja kimoja, ukiwa na subira na redio. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, ili wadudu na tope watoke walikoingilia.

Sasa urefu wa Nairobi. Mji wenu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huko maji kwenye sufuria isiyofunikwa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Feni za pikipiki nyingi hazizinduki mpaka maji yawe karibu na nyuzi 100. Umeona mtego? Kama si mfuniko wa rejeta, maji yako yangechemka kabla feni haijawaza kuamka. Mfuniko unabana, presha inapanda, na chini ya presha maji hayachemki upesi. Juu yake utakuta namba ya presha, 0.9 au 1.1. Mfuniko mzima wa 1.1, hata hapo Nairobi, unafanya maji matupu yasichemke mpaka yapite nyuzi 115, na kulanti inaongeza kidogo juu yake. Raba yake ikikauka, hiyo kinga yote imekwenda. Kwa hiyo mtu wa Mombasa anaweza kuishi na mfuniko mbovu kwa muda bila kujua. Wewe wa Nairobi, au wa Mbeya, huwezi.

Na tanki la akiba kujaa hakukuambii kuwa rejeta imejaa. Mfuniko una milango miwili. Mmoja unatoa maji kwenda kwenye tanki la akiba yakipanuka, mwingine mdogo wa katikati unayarudisha injini ikipoa. Huo mdogo ukinata, maji yanakwenda hayarudi: tanki linajaa, rejeta inapungua, wewe unatazama alama unatabasamu. Dalili yake ni mpira wa rejeta uliobonyea wenyewe asubuhi, pikipiki ikiwa ya baridi. Fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, injini ikiwa imelala usiku kucha, uone maji yako yako wapi.

Miguu kuungua foleni ni jambo jingine. Joto linalotolewa na rejeta lazima lipite mahali, na mahali penyewe ni mapajani mwako. Feni ikipona utaungua zaidi, siyo pungufu. Vaa suruali nzito.

*Mama fundi, ni kweli injini ikichemsha njiani unaweza kuimwagia maji ya baridi ipoe haraka? Huku kwetu wanafanya sana.*
Dodoma

Hapana. Hedi ni alumini, ikiwa na moto huo ukaimwagia baridi inajikunja au inapasuka. Zima, sogea kivulini. Kama feni yako inaendelea kuzunguka injini ikiwa imezimwa lakini swichi ya ufunguo imewashwa, iache izunguke. Ukae nusu saa na zaidi. Mfuniko usiuguse hata kwa kitambaa mpaka uminye mpira wa juu ukute umelegea. Ukiwa mgumu, ndani kuna presha, na mvuke huo utakuchubua uso.

*Asalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Pemba, nafanya kazi Muscat, nina pikipiki ya 650 ya kupozwa kwa maji. Kiangazi hapa joto linapita nyuzi 45. Wenzangu wengine wanaweka kulanti tupu bila maji, wanasema ndiyo inayohimili joto. Wengine wanaweka maji matupu. Nifuate wapi?*
Muscat

Waalaykum salaam. Usifuate hao wala hao, ila wa maji matupu wamekaribia kuliko wanavyojua.

Rejeta haipozi kwa uwezo wake, inategemea tofauti ya joto kati ya maji na upepo. Maji yakiwa nyuzi 95 na Nairobi upepo ukiwa 22, tofauti ni 73. Hapo ulipo, upepo ukiwa 47, tofauti ni 48. Rejeta ileile, feni ileile, uwezo wa kutoa joto umepungua kama theluthi. Ndiyo maana pikipiki isiyo na neno mwezi wa kumi na mbili inakuumbua mwezi wa sita. Ukiwa huko rejeta iliyozibwa kidogo, ambayo hapa Morogoro ningeiacha ipite, inakuwa kosa kubwa. Ile wavu ya chuma wanayofunga mbele kuzuia mawe pia ina bei yake kwa upepo. Kama unatembea lami tu, ivue.

Sasa kimiminika. Hakuna kinachobeba joto vizuri kama maji. Glaikoli, ambayo ndiyo mwili wa kulanti, inabeba pungufu, na ikiwa tupu inakuwa nzito na mzunguko unachelewa. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia kuganda kwenye nchi za theluji: nusu kwa nusu haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo ambalo Muscat halikuhusu. Kazi ya pili ni kupandisha kiwango cha kuchemka, na hapo nusu kwa nusu inakupa kama nyuzi 7 tu juu ya maji. Ya tatu inafanywa na dawa zilizomo ndani yake, kuzuia kutu na kulainisha sili ya pampu, na kwa ajili ya hizi usiweke maji matupu. Kwa hiyo usizidishe nusu kwa nusu. Ukitaka kushuka chini ya hapo, shuka mpaka kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye chupa, maana chini yake dawa za kutu hazitoshi. Iliyoandikwa kuwa imechanganywa tayari usiiongeze maji.

Kwa pikipiki za Kijapani tafuta isiyo na siliketi, kwa sababu siliketi inasaga sili ya pampu. Rangi isikudanganye, kijani cha kiwanda hiki si kijani cha kile. Na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinaganda kama uji ndani ya rejeta. Badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama rangi bado inapendeza, dawa zinakwisha kabla ya rangi.

Moja zaidi kwa sababu uko Muscat, mji wa paka. Kulanti ya glaikoli ya ethilini ni tamu na ni sumu. Kijiko kidogo kimoja kinatosha kumuua paka, na mtoto naye huvutwa na ule utamu. Unapomwaga ya zamani, kinga kwenye kidumu chenye mfuniko, usiiache barazani kwenye beseni.

*Shikamoo mama. Nina Honda CRF250L, naitumia kati ya Iringa na Mikumi kwa kazi. Juzi nikipandisha Kitonga taa ya joto iliwaka, nikasimama, nikaongeza maji, nikaendelea. Sasa oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa hapa anasema gasketi imeungua, ila nisiifungue, nitie ute wa mayai kwenye rejeta utaziba. Mwingine anasema ni baridi ya Iringa tu. Nimechanganyikiwa.*
Iringa

Marahaba. Kwanza, hiyo pikipiki usiiwashe tena mpaka tumalize mazungumzo haya. Oili yenye maji hailainishi, na beringi zinazobeba mashine yote ya ndani zinakufa bila kelele.

Huyo wa baridi hajaongea upuuzi. Kwenye miji ya juu kama yenu, mtu anayeendesha safari fupi asubuhi za Juni na Julai anaweza kukuta povu jeupe chini ya kifuniko cha oili. Ni umande uliojikusanya ndani kwa sababu injini haijapata moto wa kutosha kuukausha. Lakini povu hilo ni kidogo, linakaa juu tu, maji ya rejeta hayapungui, na safari moja ndefu inalimaliza. Wewe umepanda Kitonga mpaka taa ikawaka, joto si tatizo lako. Oili yote ikiwa chai ya maziwa na maji yanapungua, maji yameingia.

Yameingia wapi ndilo swali, na usikubali jibu la gasketi kabla ya pampu kukaguliwa. Shafti ya pampu ina sili mbili, moja upande wa maji na nyingine upande wa oili, na katikati kile kitundu nilichomweleza dereva wa guta. Pikipiki ya njia za tope kama yako, kitundu kinaziba kwa udongo uliokauka. Sili ya maji ikifa, maji yanakosa pa kutokea, yanaisukuma ya pili, yanaingia kwenye oili. Nimepokea pikipiki zilizokwisha kufunguliwa hedi, gasketi mpya, pesa imelipwa, na bado oili inageuka maziwa, kumbe udongo wa kitundu ungetolewa kwa waya. Zibua kitundu. Kikimwaga maji, umepata jibu bila kufungua bolti moja ya hedi.

Pampu ikiwa salama, jaribu gasketi hivi. Kwanza mwaga hiyo oili ya maziwa, tia mpya ya bei nafuu, maana injini itawaka kidogo. Ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi ukingoni, washa, ongeza moto kidogo kwa mkono wa akselereta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyoisha, yanayoongezeka kila ukivuta moto, ni moshi wa silinda unaopenya gasketi. Zima hapohapo.

Ikithibitika gasketi, hedi ikishafunguliwa mwambie fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na apenyeze geji nyembamba kabisa chini yake, urefu, upana, na pembe kwa pembe. Hedi iliyopinda ukiifunga na gasketi mpya inarudi ndani ya mwezi. Kitabu cha pikipiki kina kipimo chake, ikizidi hapo peleka kwa wenye mashine wakaichonge. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo, kwa hatua, kwa mpangilio wa kitabu. Anayekaza kwa nguvu za bega, mnyang'anye.

Na ute wa mayai, hapana. Yai halijui tundu lipi ni bovu na lipi ni zima. Litaganda kwenye mirija myembamba ya rejeta, na ukija kwangu nitakuwa na kazi mbili. Yai lile, kula.

Ukishamaliza, badilisha oili na chujio, endesha kidogo, mwaga tena, weka nyingine. Maji yaliyojificha kwenye pembe za ndani hayatoki kwa mara moja. Na Kitonga siku nyingine, panda mapema kabla jua halijawa kali na malori hayajapangana. Ukikwama nyuma ya lori lililobeba kontena huna mwendo wala upepo, simama pembeni salama ulipishe.

*Fundi, nina Boxer BM150. Nimezunguka yote sijaona pa kuwekea kulanti. Nimeibiwa rejeta?*
Kahama

Hujaibiwa kitu. Boxer yako inapozwa kwa upepo, yale mabati yaliyozunguka silinda ndiyo rejeta yake. Waliofikiria maji kwenye pikipiki ni wa zamani sana, Scott ya Uingereza ilikuwa nayo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na Suzuki wakatoa GT750 mwaka 1971, ya silinda tatu, ambayo Waingereza waliibatiza Birika. Ila kwa kazi ya boda Kahama upepo unakutosha. Safisha tope kati ya yale mabati kwa brashi, usifunge mizigo wala nailoni mbele ya silinda, na oili ipimwe kila asubuhi, kwa sababu kwenu oili inafanya nusu ya kazi ambayo maji yanaifanya kwa wenzako. Ikipungua, joto halina wa kulibeba.

Toleo lijalo ni cheni na sproketi. Mnaotuma picha za rejeta, piga rejeta yenyewe kwa karibu, mwanga ukiwa nyuma yako. Wiki hii nimepokea picha nzuri sana za wapanda pikipiki wakitabasamu na sikuona hata klipu moja.